Msaada wa kodi ya nyumba wakati wa Korona: uzoefu wangu na huduma za jiji kwa wahamiaji

Nimezitumia huduma hizi hapa Marekani kuanzia 2020 hadi fungu lilipoisha, kwa nyumba yangu na kwa kuwajazia fomu majirani, wengi wao Wakongomani na Warundi. Jiji silitaji. Nikigawa nyota: pesa zenyewe nne, chanjo tano, lugha mbili, tovuti moja. Na hiyo moja ni ya huruma.

Nianze na pesa. Desemba 2020 serikali ya shirikisho ilitenga dola bilioni 25 za msaada wa kodi ya nyumba, zikapitia kwenye majimbo, kaunti na majiji makubwa. Masharti yalikuwa matatu: kipato cha nyumba kisizidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo lenu, uwe umeathirika na Korona, na uwe hatarini kukosa makazi. Kwa hilo la tatu, barua ya deni kutoka kwa mwenye nyumba ilitosha. Madeni yaliyolipwa yalianzia tarehe 13 Machi 2020. Ya kabla ya hapo hayakuguswa. Bili za umeme, maji na gesi nazo ziliingia, jambo ambalo wengi hawakuliuliza.

Sheria haikudai uraia wala namba ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii. Hapa ndipo watu walipojinyima wenyewe. Walikumbuka zile hundi za msaada wa Korona za dola 1,200 za mwanzo, ambazo zilimpita hata mwenye namba ikiwa alijaza ushuru pamoja na mke au mume mwenye ITIN, namba ya ushuru ya wasio na Social Security, wakaona hii nayo ni yale yale. Fomu ya jiji letu ilikuwa na kisanduku cha namba hiyo, lakini hakikuwa cha lazima. Dawa ilikuwa kukiacha kitupu. Aliyeazima namba ya shemeji alijitafutia matatizo makubwa kuliko deni la nyumba.

Hofu ya pili ilikuwa kwamba ukipokea msaada utahesabiwa mzigo kwa serikali na kunyimwa grini kadi. Mkimbizi na aliyekwisha kupewa hifadhi hawaguswi na sheria hiyo kabisa. Kwa wengine, kanuni kali iliyoanza Februari 2020 iliondolewa Machi 2021, na hata ilipokuwepo, kupimwa na kutibiwa Korona hakukuhesabiwa.

Makaratasi: mkataba wa nyumba, hesabu ya deni mwezi kwa mwezi, kitambulisho, hati za mshahara, na maelezo mafupi ya namna Korona ilivyokupunguzia kipato. Sentensi tatu zilitosha: kazi gani, ilisimama lini, saa zilipungua kutoka ngapi hadi ngapi. Fomu nyingi nilizoona zikirudishwa zilikwamishwa na majina. Mkongomani ana majina matatu, na kila ofisi ilichagua lake la kuweka mwisho: mkataba unasema Kabongo Ilunga, hati ya mshahara inasema Ilunga Kabongo, kompyuta inaona watu wawili. Andika karatasi moja inayosema majina haya yote ni ya mtu mmoja, weka saini na tarehe, uipakie pamoja na kitambulisho kabla hujaulizwa. Ukingoja waulize, barua pepe yao itaangukia kwenye kisanduku cha taka na faili litafungwa kwa sababu hukujibu.

Tovuti ilikataa picha za iPhone zenye umbizo la HEIC bila kusema kwa nini. Ilizunguka tu, kisha ikakutoa nje. Njia ya haraka: piga picha ya skrini ya ile picha, upakie hiyo. Tena ijaze fomu kwenye karatasi kwanza, maana ukikawia mfumo unakufungia na unaanza upya.

Mwenye nyumba naye alitakiwa kuleta W-9, fomu ya ushuru ya anayelipwa, na wengine walisuasua au wakakataa. Kanuni ziliruhusu mpangaji alipwe mwenyewe iwapo mwenye nyumba hashiriki. Wahudumu hawakulisema hilo mpaka uulize, basi uliza.

Sasa lugha. Shirika lililopokea pesa za serikali ya shirikisho lilidaiwa kwa sheria ya haki za kiraia ya 1964 kumpa mtu njia ya kuelewana nalo, na mkalimani alikuwa bure. Kwenye simu, iwe 211 (namba ya kuelekezwa kwenye huduma) au ofisi ya jiji, usianze kueleza shida. Sema neno moja, "Swahili", kisha nyamaza usubiri. Ukisema "Kiswahili" opareta anaweza kuitafuta kwenye K asiione. Mkalimani akiingia, omba namba yake ya kazi uiandike pamoja na tarehe na saa. Mkibishana baadaye nani alisema nini, namba hiyo ndiyo shahidi. Usimtumie mtoto wa shule kutafsiri.

Kupata mkalimani hakukumaanisha kueleweka. Mhudumu anauliza kuhusu deni la nyumba, mkalimani, kwa Kiswahili safi cha pwani, anasema: "Mama, unadaiwa kodi?" Mama wa Bukavu anajibu: "Hapana, kodi wananikata kazini kila wiki." Kwake kodi ni ya serikali, ya nyumba huiita loyer, kwa Kifaransa. Mhudumu anaandika hana deni, ombi linakataliwa, na hakuna aliyedanganya. Neno "kaya" lilifanya hivyo hivyo. Sema "pesa ya nyumba" na "watu wote wanaolala hapa". Na wahesabu kweli: kikomo cha kipato hupanda kwa idadi ya watu, kwa hiyo familia ya wanane iliyoandika wanne kwa woga ilijipunguzia nafasi.

Kuhusu chanjo sina la kulalamika: zilikuwa bure, bila bima, bila swali la makaratasi. Ile kadi ya chakula cha wanafunzi, P-EBT, ilikuja kwenye bahasha isiyovutia, na wengi waliitupa wakidhani ni tangazo.

Kinga ya kutofukuzwa kwenye nyumba ndiyo iliyoeleweka vibaya zaidi. Amri ya CDC, idara ya shirikisho ya kudhibiti magonjwa, ilianza tarehe 4 Septemba 2020 na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaizima tarehe 26 Agosti 2021. Haikujiendesha: kila mtu mzima aliyemo kwenye mkataba alipaswa kutia saini tamko na kumkabidhi mwenye nyumba. Iliahirisha kufukuzwa tu, huku deni likiendelea kupanda kila mwezi.

Kama kesi ilikuwa imeshafunguliwa, ahadi ya jiji ya kukulipia haikuisimamisha. Hudhuria tarehe ile ile, hata kama ni kwa Zoom, ukiwa na namba ya ombi lako mkononi. Asiyeonekana huhukumiwa bila kusikilizwa. Malipo yakifika, dai mambo mawili kwa maandishi: hesabu mpya inayoonyesha sifuri, pamoja na faini za kuchelewa, na hati ya mahakama ya kuifuta kesi. Bila hiyo ya pili, mwenye nyumba ajaye atakapochunguza jina lako ataiona kesi bado imekaa pale.