Fundi wa kupima udongo, nampa nyota 4

Shamba letu huku Suswa lilipasuka baada ya mvua kubwa, watu wakaanza ooh Bonde la Ufa linagawanyika, si mnakumbuka ule ufa wa 2018 uliokata barabara ya Mai Mahiu–Narok. Nikaita fundi wa kupima udongo. Hana maneno mengi, alichimba shimo kando ya ufa akamwaga ndoo moja ya maji, yakapotea hapo hapo na udongo wa huku, ambao ni jivu la volkano, ukasombwa kama unga. Akasema huu si udongo mweusi unaopasuka kiangazi ukikauka, hapa maji yamekula chini kukabaki uwazi, tugeuze mtaro, na choo tusichimbe karibu na ufa. Kazi safi kabisa, ila alichelewa siku mbili, simu hashiki, alafu pesa ya mafuta akaitisha kando.