Muziki wa kompyuta kwenye amplifaya: tundu la hedifoni au DAC?

Njia rahisi ni waya kutoka tundu la hedifoni: upande mmoja pini ya milimita 3.5, upande wa pili pini mbili za RCA, nyekundu na nyeupe. Unachomeka kwenye tundu la amplifaya lililoandikwa AUX na muziki unapiga. Usichomeke kwenye PHONO, pale ni pa santuri. Sauti itakwaruza vibaya.

Tatizo liko ndani ya kompyuta yenyewe. Muziki humo umehifadhiwa kama namba, na kazi ya kugeuza namba kuwa sauti inafanyika jirani na prosesa na feni, na kelele za umeme wao zinaweza kupenya kwenye muziki. Kwangu ulikuwepo mkwaruzo mwembamba uliobadilika kila nilipogusa kipanya.

DAC ni kisanduku kidogo cha nje. Hupokea namba kupitia USB, huzigeuza mbali na zogo hilo, kisha hupeleka sauti kwenye AUX. Mkwaruzo ukakoma. Katika rumba, gitaa la pili, nililozoea kulikisia tu, likajitokeza wazi kabisa! Mvumo wa chaja lakini unaweza kubaki, maana waya wa USB nao hubeba umeme. Ukikusumbua, tafuta DAC yenye tundu la optiko, linalopitisha mwanga tu, mradi kompyuta nayo iwe nalo.

Mimi nachagua DAC, na ya bei nafuu inatosha. Ubora wa CD, yaani biti 16 na kilohezi 44.1, unatosha pia. Pesa inayobaki itie kwenye spika.