Seti ya kabureta na kipimo cha hewa kwa Datsun 240Z: uzoefu wangu hapa Mtwara

Gari ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, rangi ya chungwa, ya marehemu mjomba. Aliniachia mimi, mtoto wa dada yake, kama ilivyo mila yetu. Aliipenda tangu zama za mbio za magari za Safari, pale 240Z iliposhinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, kisha tena 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Hadithi hizo nimekua nazo, kwa hiyo kuiona imelala chini ya mwembe inakohoa ilikuwa inaniuma.

Na kukohoa ilikuwa inakohoa kweli. Asubuhi inawaka kwa shida, sailensa (mwendo wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) inapanda na kushuka, ukikanyaga mafuta ghafla inapiga chafya kupitia kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Nyuma moshi mweusi, ndani harufu ya petroli mpaka inaganda kwenye nguo. Kutoka Shangani ya hapa mjini mpaka Mikindani, kilomita kama 10 tu, nilikuwa nazimikiwa mara mbili tatu. Mafundi wawili wa mwanzo walifungua boneti na kukimbilia bisibisi. Kila mmoja alizungusha alivyoona yeye, gari ikatulia siku mbili, ya tatu ikarudi kulekule.

Ndipo nikaagiza vitu viwili kwa mtandao: seti ya matengenezo ya kabureta mbili (gaskiti, sindano za boya, zinazofunga petroli bakuli likijaa, na viti vyake, oringi, mipira midogo ya mafuta) na kipimo cha hewa cha kushikilia mdomoni mwa kabureta, chenye mshale na namba mpaka 30. Vilikaa Dar wiki nzima, vikaja kwa basi. Pamoja na usafiri sikubakiwa na hela ya maana mwezi ule, ndiyo maana naandika kwa kirefu, mwenzangu anayefikiria kununua ajue anachonunua.

Mzigo nikaupeleka kwa mzee mmoja mwenye gereji ndogo Chikongola, aliyezeeka na magari ya kabureta. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaitazama seti bila kuigusa. Akasema, "Mwanangu, hivyo weka pembeni. Toa plagi zote sita, zipange chini kama zilivyokaa kwenye injini."

Nikazipanga kwenye gazeti. Tatu za mbele zilikuwa nyeusi tii, masizi makavu unayafuta kwa kidole. Tatu za nyuma nyeupe kama zimepakwa chokaa. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kwenye injini hii kabureta ya mbele inalisha silinda namba 1 hadi 3, ya nyuma 4 hadi 6. Mbele mafuta yamezidi, nyuma hewa imezidi. Wale waliokuwa wanazungusha bisibisi walikuwa wanatafuta wastani kati ya magonjwa mawili tofauti.

Bado hakuniruhusu kugusa kabureta. Tukaanza na umeme: platini, zinazokata na kuunga umeme wa plagi, zilikuwa zimeungua, tukaweka mpya na kuziachia nafasi ya milimita 0.5, tukaangalia na taimingi. Anasema nusu ya kabureta zinazoletwa kwake ni nzima, kinachoumwa ni platini au kondensa. Halafu tukatafuta hewa inayoingia kwa wizi. Injini ikiwa inaunguruma tulipulizia dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kwenye maungio ya manifoldi, mabomba ya kupitishia hewa kutoka kabureta hadi injini. Kwenye kabureta ya nyuma mlio ukabadilika palepale: gaskiti imekatika upande wa chini, jicho halifiki. Ukijaribu nyumbani, fanya injini ikiwa bado ya baridi na uwe na mchanga au kizima moto karibu, kwa sababu kwenye injini hii eksozi iko upande uleule wa kabureta, chini yake kabisa.

Sasa ndiyo seti ikafunguliwa. Ndani ya bakuli la boya la mbele kulikuwa na unga mweupe umeng'ang'ania pembeni, kazi ya unyevu wa pwani yetu na gari kukaa bila kuwashwa. Sindano ya boya ilikuwa na mfereji mwembamba kuzunguka ncha yake. Ukipitisha kucha unausikia. Hapo ndipo petroli ilipokuwa inapita hata bakuli likiwa limejaa. Sindano mpya za seti zimekaa vizuri kabisa, na kwa hilo pekee hela yangu naiona. Gaskiti nazo nzuri, nene za kutosha.

Mipira midogo inayotoa mafuta kwenye bakuli kwenda kwenye nozeli sikuipenda. Imekauka kama imekaa dukani miaka, na mmoja ulitoa jasho la petroli siku ya pili. Nilimwandikia muuzaji, akajibu baada ya siku tisa akinitaka niurudishe kwa gharama yangu. Kutoka Mtwara! Mzee alikata mpira wa mafuta wa kawaida ambao ni laini, akaufunga, mpaka leo haujavuja. Na kabla hujaagiza, hesabu skrubu zilizoshika kuba, yaani kofia ya juu ya kabureta yako: za miaka ya mwanzo zina nne, zilizofuata zina tatu. Mpigie picha muuzaji. Mimi nilifanya hivyo, na nadhani ndilo lililoniokoa nisiletewe kisichohusika.

Wakati wa kurudisha, kuba na pistoni yake (si ya injini, ni ile inayopanda na kushuka ndani ya kabureta) havibadilishwi na vya kabureta nyingine, viliumbwa pamoja. Tulivisafisha tukavikausha, kisha mzee akawa anainua kila pistoni kwa kidole na kuiachia. Ya nyuma ilianguka, tak. Ya mbele ilishuka polepole ikinata. Akalegeza nozeli, akaisogeza mpaka sindano iliyo chini ya pistoni ikakaa katikati yake, akakaza, akaachia tena. Alirudia kama mara sita mpaka zikasema tak sawasawa. Mwenye haraka hapa atafeli.

Nati ya mchanganyiko, inayopanga kiasi cha petroli kwa hewa, tuliipandisha mpaka mwisho kwa zote mbili, kisha tukashusha mizunguko miwili na nusu. Huo ni mwanzo tu. Kwenye mirija ya juu ya kuba panatakiwa mafuta ya namba 20, nasi tulikuta pakavu kabisa. Mafuta hayo ndiyo yanayochelewesha pistoni isipande ghafla unapokanyaga, injini ipate petroli ya kutosha wakati huo. Bila hayo gari inasita. Hapa mjini niliyapata kwenye duka la spea za bodaboda, yale ya shoku.

Halafu kipimo cha hewa. Nakisifu bila kusita. Mzee kwa kawaida anatumia kipande cha mpira wa maji, upande mmoja sikioni, mwingine mdomoni mwa kabureta, anasikiliza mvumo. Alisikiliza akasema mbele inavuta zaidi. Nikaweka kipimo: mbele 9, nyuma 5. Tukaachanisha fimbo ya kuvutia mafuta inayounganisha kabureta mbili, tukachezea skrubu ya sailensa ya kila moja mpaka mshale ukasimama 7 kwa 7. Mzee akasikiliza tena kwa mpira wake, akatikisa kichwa kuafiki. Baada ya kurudisha fimbo tukapandisha injini hadi kama mizunguko 2,000 kwa dakika tukapima upya, na ya mbele ilikuwa inatangulia kufunguka. Bila kipimo nisingeligundua hilo, maana kwenye sailensa zilikuwa sawa.

Mwisho kabisa ndipo nati ya mchanganyiko. Unainua pistoni kidogo sana, kama milimita moja. Injini ikiongeza kasi na kubaki juu, mafuta yamezidi. Ikitaka kuzima, hayatoshi. Ikipanda kidogo tu kisha ikarudi, umepata. Tulizungusha robo kwa robo, tukisubiri injini itulie kila mara.

Jumapili iliyofuata nilikwenda nayo Mnazi Mmoja, njia panda ya Lindi, na kurudi. Haikupiga chafya hata moja. Nilipofika nyumbani nikatoa plagi: zote sita rangi ya korosho iliyokaangwa. Nilimpigia mama simu nikamwambia gari ya kaka yake imepona, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nimpitie siku moja.

Nikitoa alama, kipimo napa tano kwa tano, seti tatu na nusu kwa sababu ya ile mipira na majibu ya muuzaji. Kazi ya mzee sina alama ya kuipa. Alinitoza siku moja kwa siku mbili za kazi, nikamwongezea mwenyewe.

Limebaki jambo moja. Nikiegesha Mikindani saa saba mchana na injini ya moto, baada ya dakika kumi inagoma kuwaka, petroli inachemka kwenye mabakuli kwa joto la eksozi. Seti haiwezi kutibu hilo, panatakiwa kinga ya bati kati ya eksozi na kabureta. Vipimo nimeshavichora kwenye kifuniko cha boksi la seti, Jumamosi nampelekea fundi wa kuchomelea pale Magomeni ya hapa Mtwara.