Bima kubwa ya gari la mkopo nchini Kenya: soma vizuizi kwanza

Kwa ajali za kawaida, bima hii ni kinga nzuri. Kioo, bodi, wizi, vyote vimo. Shida iko kwenye ukurasa wa mambo yasiyolipwa, ambao wengi huupita: mikataba mingi humtaja dereva aliyelewa. Ukigonga umelewa, gari ni chuma chakavu lakini mkopo wa benki unaendelea kila mwezi. Hata mabaki huwezi kuyauza bila idhini ya benki, kwani jina lake limo kwenye logbook kando ya lako. Majeruhi hulipwa chini ya Sura ya 405, sheria ya bima ya magari kwa madhara ya watu wengine, hadi shilingi milioni 3 kwa mtu, kisha kampuni inaweza kukugeukia uirudishie. Faini ya mahakama, hadi shilingi 100,000, ndiyo nyepesi, isipokuwa ukiongezewa kifungo cha hadi miaka 2.