ATtiny85 kwenye mashine ya kutotolesha: naipenda, ila chunga staki

Wadau, hii chipu ya kuprogramu nimekaa nayo miezi mitatu kwenye mashine yangu ya kutotolesha vifaranga, kazi yake kugeuza mayai kila masaa mawili na kuchunga taa, na naikubali sana. Pini nane tu, fleshi kilobaiti 8, RAM baiti 512.

Sasa hizo 512 ndo pa kuangalia. Mwanzoni ilikuwa inaganda, leo baada ya saa moja kesho baada ya masaa tisa, nikabadilisha adapta, nikabadilisha waya, wapi. Nikaamua kujaza RAM yote iliyo wazi namba 0xC5 kabla main (programu kuu) haijaanza, halafu nije nihesabu zilizobaki bila kuguswa. Haikubaki hata moja! Staki, yaani sehemu ya RAM ambapo programu inaweka vitu vyake vya muda ikishuka kutoka juu, ilikuwa imeshuka mpaka imeingia kwenye data zangu.

Mchawi alikuwa intarapti ya saa, yaani kile kipande cha programu kinachokatiza main kila taima ikipiga. Ndani yake niliita fanksheni ya kupiga hesabu ya dakika na kuandika muda, na avr-gcc (kompaila) ikikuta umeita fanksheni ya faili lingine humo ndani haijui itagusa nini, basi inahifadhi kwenye staki rejista 12 (vihifadhi vidogo vya kazi ndani ya chipu) pamoja na r0, r1 na SREG (rejista ya hali), hapo baiti 15, weka anwani ya kurudi 2, ya fanksheni 2 tena, na bafa yangu (nafasi ya kuandikia muda) ya 40, tayari 59. Na zote zinakaa juu ya chochote main ilichokuwa inafanya, ndo maana ilikuwa haigandi mpaka ikute main nayo imezama.

Nikahamisha yote kwenda main. Intarapti imebaki na amri mbili, sbi ya kuwasha biti moja ya GPIOR0 (rejista ya matumizi yoyote, main inaiangalia hapo) kisha reti ya kurudi, nikaweka ISR_NAKED (kompaila isihifadhi chochote) maana sbi haigusi SREG wala rejista za kazi, kwa hiyo zinaliwa baiti 2 tu za kurudi. Main ikichelewa unapoteza mapigo, hilo liangalie, mimi nimepanga taima iamke kila milisekunde 16 (MHz 8 gawa 1024, hesabu 125). Nimerudia ile 0xC5, zimebaki 43 na haijaganda tena.

Nyota 4. Saa yake ya ndani kutoka kiwandani inaweza kupotoka hadi asilimia 10, mayai hayana shida na hilo, ila ukitaka saa ya ukutani lazima kristali na kristali inakula pini mbili.