Miaka minne na Vitz RS: kigari cha kupandia Soni

Gari langu ni Toyota Vitz RS ya mwaka 2003. Injini ni ya sisi (cc) 1,500, manyuo ya gia tano unazobadili kwa mkono, namba ya usajili ya C, rangi ya bluu kama maji ya bahari ya Raskazone saa nne ya asubuhi. Nililinunua hapa Tanga mwaka 2021 kwa shilingi milioni 6.2. Ndilo gari langu la kwanza na mpaka leo sina lingine. Haipiti wiki bila mtu kunisimamisha, kwenye kituo cha mafuta au shuleni ninapofundisha, akitaka kujua kama hiki kigari kinafaa au ni sura tu. Nimeona niandike jibu lote mara moja.

Sura kwanza, maana ndiyo iliyonivuta na sioni sababu ya kuificha. Pua fupi, taa za mbele kubwa zilizopanda juu kama macho ya mtoto anayesubiri kuitwa, na matako mafupi yaliyokatwa ghafla. Ukilitazama kwa ubavu unaona mstari mmoja unaoanzia bampa la mbele, unapanda kwenye kioo, unavuka paa na kushuka nyuma bila kukatika. Aliyelichora ni Mgiriki, Sotiris Kovos, kwenye studio ya Toyota ya Ulaya. Lilipotoka mwaka 1999 Wajapani wakaliita Vitz, Ulaya likauzwa kwa jina la Yaris, na likatwaa tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya la mwaka 2000. Watoto wa Soni, kwenye njia ya kwenda Lushoto, hawana habari na tuzo hizo, lakini nikipita wanapunga mikono. Magari mengine hawayapungii. Nimelichunguza hilo mara nyingi.

Sasa, Vitz wanayoijua watu wengi mjini ni ile ya sisi 1,000, oto, yaani inayojibadilia gia yenyewe, ambayo watu huiita bebi woka. Ni gari zuri la kwenda sokoni na kurudi. RS ni habari nyingine, ingawa bodi ni moja. Hii yangu ina injini ya 1NZ, nguvu za farasi 109, na gari zima halifiki tani moja. Injini hiyo hiyo imo kwenye Probox, kwenye IST ya sisi 1,500, kwenye Spacio, na kwenye Premio ya sisi 1,500. Aliyewahi kuendesha Probox tupu anajua inavyochomoka. Basi chukua injini ile, iweke kwenye bodi ya mita 3.6 na ushee, mpe dereva gia tano azichague mwenyewe.

Nilichojifunza kwa miaka minne ni kwamba utamu wa gari dogo uko kwenye mwendo wa kawaida kabisa. Gari kubwa lenye nguvu linaanza kukupa raha ukifika kilomita 140 kwa saa, na huko hakuna barabara yetu inayoruhusu, wala trafiki wa tochi ya kupima mwendo hatakuacha upite bila kukuandikia elfu thelathini. Vitz hii inanipa raha nikiwa kwenye 50. Usukani mwepesi, tairi zake ziko kwenye kona nne kabisa za bodi, na ukikata kona unaisikia lami mkononi. Naitumia yote, gia zote, injini yote, bila kuvunja sheria na bila kumtisha mtu.

Mahali pa kuyaona haya ni barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Mama anakaa huko, kwa hiyo naipanda kila mwezi, wakati mwingine mara mbili. Kutoka Tanga unapita Muheza, Segera, Korogwe, barabara tambarare na malori mengi. Pale Mombo unakata kulia, na kuanzia hapo ni kilomita 33 za kona mpaka Lushoto mjini. Lami ni nyembamba. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili korongo, na chini kabisa mto unaukisia kwa sauti tu kabla ya kuuona kwenye maporomoko ya Soni.

Niieleze kona moja, maana nimeizoea mpaka naiota. Ni kabla ya kufika Soni. Unaijia na gia ya tatu, mwamba uko kulia kwako na umejitokeza kiasi kwamba huoni chochote mbele. Unapiga honi. Unasikiliza kama kuna basi la Coaster linalojibu. Kimya. Unakanyaga breki kidogo kabla ya kona, klachi, unashusha ya pili huku unaigusa ekseleta injini ipande kidogo, unaachia klachi taratibu. Gari halitikisiki. Unaelekeza pua ndani ya kona, na hapo ndipo unapolijua gari: nyuma inafuata mbele kama mkia wa mjusi, haivutani wala hailali. Ukiikanyaga inapanda huku inaimba. Mara nyingine mvua ya usiku imeteremsha mchanga kwenye lami, na usukani unakwambia kabla hujateleza. Unakuwa mwepesi ghafla vidoleni, unapunguza, unaendelea. Nimewahi kuipanda barabara ile na gari la ofisi, kubwa, oto. Nilifika salama, lakini njia nzima nilikuwa abiria niliyeshika usukani.

Na udogo wenyewe ni usalama kule. Upana wa bodi ni kama mita 1.66. Ukikutana na basi kwenye kona inabaki nafasi ya kupumua, pale ambapo wenye magari mapana wanarudi nyuma.

Baada ya kulisifu, nieleze na maumivu yake.

Mwaka wa pili klachi ilikwisha, na ilichagua siku. Tulikuwa baina ya Soni na Lushoto, mama kakaa mbele na kikapu mapajani, mbele yetu lori la mbao likipanda kwa mwendo wa konokono. Nikataka kulipita palipo wazi. Nikakanyaga, mshale wa mizunguko ukaruka juu, gari likabaki pale pale. Halafu harufu. Mama akasema, "Mwanangu, kuna kitu kinaungua, au wameacha sufuria jikoni huko juu?" Nikarudi nyuma ya lori, nikatulia kwenye gia ya kwanza, na tulifika Lushoto kwa kuomba Mungu.

Fundi wa kule alilishusha boksi la gia. Klachi pleti ilikuwa imeliwa mpaka kwenye misumari. Tatizo likawa kuipata nyingine, maana Vitz nyingi zilizoingia nchini ni oto. Hapa Tanga nilizunguka maduka mawili, nikaambiwa nisubiri bila kuambiwa mpaka lini. Basi nikaifunga ile ya zamani kwenye gazeti, nikapanda basi kwenda Dar, nikashukia Kariakoo, Gerezani. Kijana wa duka aliiweka pleti yangu mezani, akaleta tatu nyingine, zote nyeusi kwa grisi. Akaanza kuzilinganisha, yangu chini, yake juu, macho yamekaa usawa wa meza. Ya kwanza ndogo. Ya pili upana sawa lakini meno ya katikati hayakulingana. Tukayahesabu mara mbili, yeye kwa bisibisi, mimi kwa kidole. Ya tatu ikakaa kama imezaliwa pale. "Hii hapa dada, chukua na presha pleti yake na beringi, usije ukafungua boksi mara mbili kwa kitu kidogo." Ushauri ule ulikuwa wa thamani kuliko bei aliyonipunguzia. Seti nzima ya mtumba kutoka Japani ilikuwa shilingi 280,000, ufundi 80,000. Sijaigusa tena tangu hapo.

Jambo la pili lilikuwa sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama. Ukisimama kwenye taa injini inashuka, inatetemeka, mara inazimika. Gereji moja walilipiga mashine ya kupima, wakanibadilishia sensa, wakachukua hela, tatizo likarudi siku ya tatu. Nikarudi, wakataka kubadilisha nozeli za mafuta. Nikaondoa gari. Fundi mwingine wa Ngamiani, mzee wa makamo, hakushika hata kompyuta. Alifungua mpira unaoleta hewa kwenye injini, akanionyesha kile kimlango cha hewa: kilikuwa na masizi mazito kama chungu cha kuni. Akakisafisha kwa dawa na kitambaa, akasafisha na plagi, akasema, "Mwalimu, washa." Injini ikatulia kama saa. Alinitoza elfu ishirini. Kwa yeyote mwenye 1NZ ya umri huu, anzeni hapo kabla ya kununua sensa yoyote.

Vingine ni vya kawaida: bushi, bolijointi, shokapu. Vipo kila duka na bei zake hazitishi. Cheni ya taiming bado ni ile iliyokuja nayo, na hilo ni jema la injini hii, haina mkanda wa kubadilisha. Lakini oili usiichezee. Napima kila Jumapili asubuhi gari likiwa baridi, na nabadilisha kila kilomita 5,000.

Mafuta sasa. Tanga mjini, kwa foleni ndogo tulizonazo, napata kilomita 12 au 13 kwa lita. Safari ya Lushoto inafika 15, hata pamoja na mlima, maana kurudi unateremka. Kwenda na kurudi natumia lita 22 hadi 23. Kwa bei ya petroli ya siku hiyo, piga hesabu mwenyewe ulinganishe na gari lenye viti saba linalobeba mtu mmoja. Bima yangu ni ile ndogo, ya mtu wa tatu, shilingi 118,000 kwa mwaka.

Anayefikiria kununua ajue na haya. Liko chini. Matuta ya vijijini kati ya Muheza na Segera nayajua moja moja, na yapo mawili ninayoyapanda kwa ubavu. Njia ya vumbi ya kwa mama, mita mia tatu za mwisho, wakati wa masika siingii. Naliacha kwa jirani natembea. Kwenye barabara kuu lori likikupita kwa kasi linalisukuma gari, shika usukani kwa mikono miwili. Kelele za tairi zipo, ukifika 100 lazima mpaze sauti mkiongea. Watu wazima wawili nyuma wanakaa, watatu wanabanana. Buti ni dogo, ingawa ukilaza viti vya nyuma linakula viroba vinne vya viazi na tenga moja la pea bila kulalamika. Kiyoyozi nakizima kuanzia Mombo. Unahisi kabisa gari linavyoshusha pumzi, na hata hivyo hewa ya Usambara ukifungua kioo inatosha. Kwetu pwani kuna jambo la kutu pia. Inua zulia la buti, toa spea tairi, angalia chini yake, halafu pitisha mkono ndani ya matao ya tairi za nyuma. Mimi nilikuta kutu kidogo upande wa kushoto, nikaikwangua na kuipiga dawa mapema.

Na kabla hujatoa hela, soma namba ya chesesi. Wapo wanaobandika alama ya RS kwenye gari la sisi 1,000. Namba ikianza na SCP10 hiyo ni ya sisi 1,000, ikianza na NCP10 ni ya 1,300, na NCP13 ndiyo ya 1,500 ninayoizungumzia. Kisha liwashe likiwa baridi, peleka usukani mpaka mwisho pande zote mbili huku unasikiliza, na ulijaribu kwenye mlima ukiwa na gia ya nne kwa mwendo mdogo. Kanyaga. Mshale ukipanda na gari lisiende, ujue klachi unainunua wewe.

Wenzangu shuleni walikuwa wananiambia, "Mwalimu, si ungechukua oto upumzishe mguu?" Mwaka jana mmoja wao aliniomba nimfundishe manyuo. Tulianzia uwanjani, tukaenda njia ya Raskazone jioni, na wiki ya tatu akashusha gia kwenye kona vizuri, bila gari kutikisika. Aligeuka kuniangalia bila kusema neno. Sasa anatafuta ya kwake, na ameshanipigia mara mbili kuniulizia namba za chesesi.

Langu liko gereji tangu jana, linafungwa shokapu za nyuma. Zilianza kuvuja oili na matuta yakawa yanasikika mgongoni. Fundi amesema Ijumaa mchana nilichukue. Mama ana viroba viwili vya viazi vinasubiri, na Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nataka niwe nimeshapita Segera, kabla malori hayajaamka.