Seti ya kufungia mizigo ya kuhama: maboksi madogo na karatasi safi kabisa, selotepu yao achaneni nayo

Habari zenu wadau. Nimehama nyumba juzijuzi na karibu kila kitu nimefungia kwenye ile seti inayouzwa ikiwa tayari, yaani kifurushi kimoja ndani unakuta maboksi ya saizi tatu, selotepu, karatasi za kufungia, ile nailoni yenye vipovu vya hewa, nailoni nyembamba ya kuvutika, mifuko ya godoro na makapeni. Kabla sijanunua nilisoma maoni mengi na karibu yote ni "nzuri sana" au "wezi hao", hakuna anayeeleza boksi likijazwa vitabu linakuwaje wala selotepu inashika mpaka lini, na hayo ndo mtu anayehama anataka kujua, kwa hiyo naeleza kimoja kimoja nilivyokitumia.

Nyota nne kati ya tano. Na hizo nne zote nazipeleka kwa maboksi madogo na karatasi, vingine vyote kwenye seti ni vya kusindikiza tu.

Tuanze na maboksi sasa. Dogo lina urefu wa sentimita 40 hivi, upana 30 na kimo 30, kubwa lina 60 kwa 45 kwa 45. Ukiyaangalia unaona kama tofauti ni kidogo ila ukipiga hesabu dogo linabeba kama lita 36 na kubwa linabeba lita 121, yaani zaidi ya mara tatu, na hapa ndipo watu wengi wanapoumia migongo maana mtu akiona boksi kubwa anasema ngoja nimalize shelfu zima la vitabu humo humo. Karatasi ni nzito jamani. Rimu moja ya A4 ya kawaida ile ya gramu 80 ni kilo 2.5, ndo maana zile katoni za ofisini zenye rimu 5 ukinyanyua unasikia kilo 12 na nusu na katoni yenyewe ni ndogo tu. Sasa jaza vitabu kwenye boksi la lita 121 uone, hapo unatengeneza mzigo wa kilo 60 na zaidi, hakuna mtu mmoja wa kulibeba na kitako chake hakitastahimili. Vitabu, vyombo, nyundo na koleo, makopo, vyote viende kwenye dogo na hata hilo dogo usilijaze vitabu mpaka juu, weka nusu au zaidi kidogo kisha malizia na kitu chepesi kama taulo au nguo. Mimi kipimo changu ni kwamba boksi lisizidi kilo 18 hivi, yaani mtu mmoja alibebe akiwa ananyoosha mgongo na aweze kupanda nalo ngazi.

Makubwa yana kazi yake, mito, mablanketi, mapazia, vivuli vya taa, midoli ya watoto. Basi. Shida ya hii seti ni kwamba makubwa ni mengi kuliko madogo na hii naona ni kosa la anayepanga seti, kwenye nyumba ya kawaida vitu vizito vidogo vidogo ndo vingi kuliko vyepesi vikubwa, ilitakiwa wageuze. Kwa hiyo ukiwa unalinganisha seti usiangalie jumla ya maboksi wanayotangaza, uliza kwanza madogo ni mangapi.

Ubora wa kadibodi yenyewe siwezi kuwalaumu. Madogo na ya kati ni yale ya kuta mbili, ukichungulia kwenye ukingo ulipokatwa unaona mistari miwili ya mawimbi imebanwa katikati ya karatasi, sio mmoja, na nguvu ya boksi iko kwenye yale mawimbi yakiwa yamesimama wima. Makubwa ni ya ukuta mmoja, ukipanga matatu juu kwa juu la chini linaanza kutokeza tumbo. Halafu kadibodi na unyevu ni maadui, boksi likikaa usiku kucha kwenye sakafu ya simenti yenye ubaridi linalegea chini na wewe huoni mpaka siku ya kulinyanyua, kwa hiyo weka mbao au turubai chini. Na kama unaomba maboksi ya bure madukani sawa, mengi yanafaa, ila likishakunjika kona au lilishaloa likakauka hata kama linaonekana zima nguvu yake imeshapungua.

Karatasi sasa. Hizi ndo zimenifurahisha kuliko kitu chochote. Ni karatasi laini nyeupe zisizo na maandishi, na ni nyingi, hawakubana. Nilizoea kuona watu wanafungia vyombo kwa magazeti na kazi inafanyika ila wino unahamia kwenye sahani nyeupe na kwenye vidole, unafika unakohamia unaanza kuosha vyombo vyote upya siku ambayo hujui hata sabuni iko wapi. Kwa hizi nilitoa sahani nikapanga kabatini moja kwa moja.

Kufunga sahani nilifanya hivi: boksi dogo, chini nimekunjakunja karatasi mpaka imekuwa godoro nene la kama sentimita 5, kila sahani nimeiviringisha karatasi yake, halafu nikazisimamisha WIMA kama faili kwenye droo, sikuzilaza. Sahani ikilala inabeba uzito wa zote zilizo juu yake na gari likiruka shimo ya chini ndo inapokea kipigo chote, ikisimama kila moja inajibeba yenyewe. Glasi na vikombe vinakaa juu ya sahani, mdomo ukiangalia chini, ndani ya kila glasi umesokomeza karatasi. Ukimaliza, kabla hujapiga selotepu, litikise boksi kidogo taratibu, ukisikia kacha-kacha ongeza karatasi mpaka likae kimya kabisa. Kwangu haikuvunjika hata moja, na barabara yenyewe ilikuwa mbovu.

Ile nailoni ya vipovu watu wanaipenda sana na ndo wauzaji wanaipigia debe, mimi naona inasifiwa kupita kiasi. Sio mbaya, kwa TV na vioo na picha za fremu hakuna kama yenyewe. (Walioibuni ni Alfred Fielding na Marc Chavannes huko New Jersey mwaka 1957 na walikuwa wanatafuta karatasi ya kubandika ukutani, haikuuzika, baadaye ndo ikaja kufungia kompyuta za IBM zikisafirishwa, kwa hiyo asili yake kwenye ufungaji ni vifaa vya umeme na hapo ndo inang'aa mpaka leo.) Ila ukiitumia kwenye vyombo inakula nafasi vibaya, boksi ambalo lingechukua sahani 20 linachukua 10. Na msiigusishe moja kwa moja kwenye mbao zenye vanishi au kwenye kioo cha TV hasa kukiwa na joto, vile vipovu vinaweza kuacha alama za duara, tanguliza karatasi au shuka laini ndipo uzungushie. TV isafiri imesimama isilazwe.

Selotepu. Hapa nimekasirika kweli. Ni nyembamba, ukivuta inapasuka kwa urefu unabaki unatafuta mwanzo wake kwa kucha, na gundi yake haishiki kadibodi. Boksi la sufuria nililifunga jioni, asubuhi nakuta mdomo umefumuka wenyewe na selotepu imesimama pembeni kavu kabisa. Kipimo rahisi, bandika kipande kwenye kadibodi, sugua kwa kidole, kisha kibandue: ikitoka na nyuzinyuzi za karatasi hiyo ni selotepu, ikitoka safi kama haijawahi kugusa kitu irudishe dukani. Niliyonunua kwingine ni ile ya kahawia ya upana wa milimita 48, nene, na habari ikabadilika hapohapo. Chini ya boksi nilipiga mistari mitatu ya urefu kwenye mwanya wa katikati na mmoja mmoja kwenye kingo mbili, juu mmoja au miwili inatosha. Na ule mtindo wa kufumanisha vile vifuniko vinne chini bila selotepu, tafadhali usifanye kwa boksi lenye chochote kizito, ukilinyanyua tu vinaachana.

Pia futa vumbi kwenye boksi kabla ya kubandika, kadibodi yenye vumbi hata selotepu nzuri haiishiki.

Nailoni ya kuvutika nzuri, haina gundi, inajishika yenyewe, nimezungushia makabati ili milango isifunguke njiani na droo zisichomoke, na kwenye miguu ya meza niliyoifungua. Skrubu na nati za kila kitu weka kwenye kifuko chake, andika ni za nini, kisha kifunge na nailoni hiyohiyo kwenye kitu chenyewe, kitanda na skrubu zake visiachane hata dakika. Mifuko ya godoro ni miembamba kidogo, mmoja ulitoboka mlangoni nikaziba kwa selotepu (ile ya kahawia), ila uvue mapema ukifika maana godoro likikaa ndani ya nailoni na unyevu kidogo linaanza kuota ukungu.

Makapeni sina neno, zinaandika vizuri. Andikeni UBAVUNI mwa boksi sio juu, maboksi yakipangwa huoni juu. Chumba, namba, na kilichomo kwa maneno matatu, halafu kwenye simu weka orodha ya namba hizo ili ukifika ujue kama kuna lililobaki kwenye gari.

Kuna vitu seti haikusaidii na mtu anaweza kujisahau. Friji izime siku moja kabla ili barafu iyeyuke yote uifute maji, isafiri imesimama, na kama ililazimika kulala basi ukifika isimamishe masaa mengi kabla ya kuwasha ili mafuta ya kompresa yarudi chini. Mashine ya kufulia ile ya mlango wa mbele ina bolti zake maalum za kuzuia pipa lisicheze safarini, zinakuja nayo ikiwa mpya, zitafuteni zilipo mapema. Mtungi wa gesi, petroli, jiki na dawa za wadudu visiingie ndani ya boksi lolote. Vyeti, hati, dawa za mgonjwa na chaja viwe kwenye begi lako wewe mwenyewe, sio kwenye gari la mizigo.

Nani anunue? Familia yenye jiko lililojaa vyombo na vitabu vya shule vya watoto, nunueni, ila ongezeni maboksi madogo ya ziada na selotepu mnunue kwingine kabisa. Anayehama chumba kimoja asisumbuke na seti nzima, makubwa yatamkalia bure, anunue madogo manane au kumi pamoja na bunda la karatasi, nguo atie kwenye masanduku ya safari na mashuka aliyo nayo.